Glovu Iliyofundishwa Uongo

Halden, Iowa
12 Juni

Dada yangu mpendwa Lorna,

Nakuandikia nikueleze kwa nini nilikukatia simu Jumapili, uliponiambia nimsamehe Brady Stoll. Sikukukasirikia wewe. Hujambo lakini? Watoto hawajambo, na goti la shemeji limepona? Sisi huku tu wazima, na mimi nimezidi uzima: leo ni siku ya ishirini na nne tangu niitwe Bi. Vasek, na bado Emmett akisema "mke wangu" nageuka kuangalia nyuma, nikidhani anamwita mwanamke mwingine mwenye bahati.

Brady alivyoniacha unajua: wiki mbili kabla ya harusi, kadi zimeshagawiwa, akamtuma mama yake aje kuniambia. Usichokijua ni alichomfanyia mume wangu. Mwaka jana walikuwa timu moja ya besiboli hapa Halden, Emmett mrushaji, Brady mpigaji. Mwaka huu Brady kahamia timu ya Carver. Tulipocheza nao Aprili, Emmett ndiye aliyeanza kurusha, na hakumaliza raundi ya pili. Kila mpira waliupiga kana kwamba wameuagiza. Mei timu nyingine mbili zikamfanyia hivyo hivyo, siri ilishasambaa. Alikaa mezani bila hata kuvua viatu vya uwanjani, akasema, "Corinne, wananijua. Wanajua ninachorusha kabla sijakirusha."

Kocha alimwita akamwambia bila kuzunguka kwamba anampa mchezo mmoja tu, Alhamisi, dhidi ya Carver haohao. Akipigwa tena, afungashe arudi kwa baba yake kusaga chakula cha nguruwe. Dada, ukiniondoa mimi, kurusha ndicho kitu pekee anachokitaka duniani.

Basi nikamwambia. Akitaka kurusha mpira wa kupinda, vidole vyake husaka mshono wa mpira ndani ya glovu ya ngozi anayoufichia, na glovu hufunuka kama mdomo wa kifaranga. Akitaka wa kasi, hutulia. Mpigaji mwenye macho hana haja ya kubahatisha. Akauliza nimejuaje. Nikajibu kwamba mke huitazama mikono ya mumewe, naye akaona haya mpaka masikio. Alitaka kuanza kuificha glovu, nikamkataza. Nikasema isifichwe, ifundishwe uongo: ifunuke kwa mpira wa kasi, itulie kwa wa kupinda. Siku tatu alifanya mazoezi uani nikimtazama, mpaka mimi mwenyewe nikawa nadanganyika.

Alhamisi nilivaa gauni jekundu, nikakaa safu ya kwanza nyuma ya wavu. Glovu ikafunuka. Brady akatulia akisubiri mpira wa kupinda, na ule wa kasi ukampita gongo likiwa bado begani. Mdakaji wetu Peguero, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na ambaye mdomo wake haulali, akamuuliza, "Vipi kaka, unangoja basi?" Zamu yake ya pili glovu ikatulia, Brady akazungusha mapema mno, akaenda chini kwa goti. Peguero akamwambia aende taratibu, asije akachana suruali, mama yake hayupo kumshonea. Zamu ya tatu sikungoja Peguero aseme. Nilicheka mimi, kwa sauti, na nilihakikisha Brady anajua ni nani anayecheka. Lo, dada, utamu wake! Wenzake nao walizidi kuikodolea glovu macho, maana Brady alishawaapia, na kadiri walivyoiamini ndivyo walivyokosa. Tulishinda nne bila. Emmett alirusha raundi zote tisa, na kocha amempanga tena Jumanne.

Watu walipokuwa wakitoka, Brady alikuja kwenye wavu. Hakupandisha sauti. "Corinne, mumeo anajua ni nani aliyeniambia habari ya glovu?" Emmett alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, taulo shingoni.

Sasa nikutolee nililomficha kila mtu. Ni mimi, Lorna. Mwaka jana, pete ya Brady kidoleni, nilimsimulia jambo hilo la glovu tukila chakula, kama mzaha tu. Sikujua ataliweka akiba. Emmett alipopigwa Aprili nilielewa palepale, nikanyamaza, kwa kuogopa swali la pili: Brady amejuaje? Nikamwacha apigwe michezo mitatu, na katikati nikamlia kiapo cha ndoa.

Nilimweleza yote tukiwa garini, kabla hatujaondoka uwanjani. Alizima injini. Mimi nikaanza kuhesabu kichwani nguo nitakazobeba akinifukuza. Kisha akasema, "Yaani mwaka jana mzima, ukiwa mchumba wa Brady, ulikuwa unaitazama mikono yangu?"

Nilitaka kukanusha. Nikasema ndiyo. Akawasha gari, akawa anatabasamu peke yake mpaka nyumbani.

Kwa hiyo huenda Brady naye aliona macho yangu yalikokuwa, ndipo akaondoka. Nimeifikiria hoja hiyo kwa haki, dakika mbili nzima. Simsamehe. Julai tunacheza nao tena, na jana uani tumeanza kuifundisha glovu uongo mpya.

Wabusu watoto, umsalimie sana shemeji, na mama ukimwona usimwambie habari ya kucheka. Timu inapumzika Jumatatu ya mwisho ya Juni. Tutafika kwako, mimi na mume wangu, kabla mwezi huu haujaisha.

Mdogo wako akupendaye,
Corinne Vasek