Korosho Uliyokataa Kuibangua

Mpendwa Mjomba,

Jana niligombana na kompyuta kwa ajili yako. Nilikuwa kazini, kituo cha utafiti cha Naliendele, muda wa chakula cha mchana, mwenzangu mmoja akanionyesha video. Watu wamewapambanisha mabingwa wa ndondi wa uzito wa juu wa zama zote, marehemu kwa walio hai, na kompyuta ndiyo inayoamua mshindi. Nikamwona Kipara wetu analambishwa sakafu. Kipara! Nikasema kwa sauti, "Hiyo mashine haijui ndondi," ofisi nzima ikanigeukia. Nikaona nikuandikie wewe, maana hakuna mwingine ambaye angenielewa.

Sisi tulianza kabla yao. Barazani kwetu Chuno, msimu wa korosho, wewe kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka, korosho zilizokaangwa katikati yetu, mikono tumeipaka majivu ili mafuta ya maganda yasituunguze. Korosho moja, raundi moja. Unabangua kwa niaba ya Kipara, nami nabangua kwa niaba ya Twiga, ambaye alizaliwa Kipara ameshastaafu. Ikitoka nzima, raundi ni yako. Ikitoka vipande, umepigwa. Ikitoka mbovu, umelala, hakuna cha kuhesabiwa. Majina yao halisi uliyajua yote, ila ulisema bingwa akiingia nyumbani kwetu apewe jina tunaloweza kumwitia chai.

Basi tukaijenga historia yetu. Bingwa aliyefungiwa katika miaka yake mizuri, kwetu alicheza miaka yote. Yule aliyefariki kabla ya pambano lake kubwa, ulimpa pambano lake, na nikakukamata unatikisa korosho sikioni kabla ya kumbangulia.

"Mjomba, unaiba!"

"Siibi, namsalimia."

Shuleni nikamwambia mwalimu kwamba Kipara alistaafu bila kupigwa. Nikachekwa, nikarudi nalia, ukaniambia mwalimu amesoma historia ya mtaa mwingine. Nilikuamini, na kwa kweli bado nakuamini.

Jambo moja tu hukunipa. Chuno nzima ilijua kwamba na wewe ulikuwa wa uzito wa juu. Ulikuwa kambini Dar es Salaam, unajiandaa kugombea mkanda wa taifa, habari ikakufikia kwamba mama amefariki na mimi bado nabebwa mgongoni. Baba alishavuka Ruvuma kurudi kwao Msumbiji. Kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba, hilo halina mjadala. Ukapanda basi ukaja. Mkanda akaugombea mwingine, akauchukua, nasi nyumbani tukambatiza jina la Bahati.

Nilipopata akili nikaanza kukuomba tukupambanishe na Bahati. Ukakataa. Kila msimu niliomba, kila msimu ulikataa, na siku moja uliinuka kabisa ukaenda kumwagilia mchicha ambao ulikuwa umeshamwagiliwa. Nikajijibu mwenyewe, na nikajijibu vibaya: Mjomba anajua angeshinda, na inamuuma. Nikakua na wazo hilo. Ulinisuka nywele, vibaya kweli, ukanipeleka hivyo hivyo shule. Ulihudhuria mikutano yote ya wazazi. Nilipougua surua ulilala sakafuni pembeni ya kitanda changu. Kila wema wako ulinifurahisha na kunichoma kidogo, kwa kuwa niliamini aliyekupiga maishani si Bahati wala nani, ni mimi.

Sasa acha nikusimulie ambacho hukukiona. Tulipotoka kukuzika, mtani wako Bakari akafanya kazi ya watani, kumwigiza marehemu. Alivaa shati lako la mistari, likamfika magotini, na soksi zako akazivaa mikononi ziwe glavu. Akatangaza, "Leo ni leo! Marehemu huyu hapa, na Bahati huyu hapa!" Bahati alikuwa mto wa kulalia. Wanawake waliokuwa wakilia wakaanza kucheka. Mimi nilishika ukuta. Nilitaka akome, na nilitaka kujua.

Alikupiganisha vizuri, Mjomba. Aliiga unavyovuta pumzi puani, unavyoburuta mguu wa kushoto. Bahati akaenda chini. Bakari akajifunga khanga kiunoni, ndiyo mkanda, vigelegele vikapigwa. "Bingwa! Ulaya wanakuita, ndege inangoja!" Akaondoka kwa maringo kuelekea barabarani. Kabla hajafika akasimama, akageuka, akautazama mlango wetu, akauliza kwa sauti yako kabisa:

"Wee, mtoto kala?"

Neno lako la kila siku ukiingia uani. Msiba mzima ukacheka, kisha ukalia upya. Bakari akaifungua ile khanga, akaitupa chini, akaingia ndani.

Nikamfuata. "Mtani, hayo umeyatunga?"

"Nitunge nini mie? Nilimuuliza mwenyewe, tunapalilia mihogo. Nikamwambia, we bwana, si umpe mtoto pambano lake? Akasema, naogopa nitashinda. Nikishinda huko, huku atakuwa amerudi nani?"

Niliketi palepale, Mjomba. Kumbe uliogopa kunipoteza, hata kwenye mchezo wa korosho.

Ulipokuwa hai nilikushukuru mara nyingi, lakini shukrani zangu zilikuwa na hofu ndani yake. Leo hazina. Asante kwa kuja. Asante kwa kukaa, na kwa kucheka huku umekaa. Nimekaanga korosho za msimu huu, nimeketi barazani peke yangu, na Kipara ameshampiga Twiga mara mbili bila wizi wowote. Pambano lako na Bahati sitalibangua. Mwenyezi Mungu akurehemu na akupe makazi mema.

Watu bado wananiuliza kama ungeshinda siku ile. Nawaambia sijui, Mjomba alikuwa nyumbani.

Mpwa wako