Rangi Uliyoniachia, Baba Kabula

Baba Kabula,

Umelala wewe, maneno umeniachia mimi. Kesho tunamaliza msiba wako, na mtumbwi wako, uliopinduliwa mwaloni, pale ufukweni, tangu tukuzike, lazima urudi majini. Mwanao Masanja ameshaziba nyufa kwa pamba ya Magu, kama ulivyomfundisha. Imebaki rangi. Ile yako nyekundu ya kupaka meli chini, uliyopewa karakanani ukajisifu mwaka mzima: "Hii, Mama Kabula, hata jani halishiki."

Sasa kaja mjukuu wako Limi, anayesoma mambo ya samaki chuoni. Kaliona kopo, kashika kichwa. Anasema rangi za namna hiyo zina sumu, na sumu ikivuja majini, konokono jike anaota uume. Ndiyo, umesikia. Njia ya mayai inaziba, anakufa nayo tumboni. Nikamwambia, mtoto wewe, baba yako kauza ng'ombe ili ukachungulie konokono sehemu za siri? Akacheka, halafu akaacha kucheka. Baharini wameshaona, anasema. Hapa ziwani bado anatafuta.

Mimi sielewi. Jike ni jike. Rangi inaingiaje huko ndani? Wewe uliipaka kwa mikono mitupu, ukanawa pale pale tunapochota maji, nikikugombeza unanuna. Hukuota kitu cha ajabu, ningejua. Lakini konokono wa kulisha bata wangu, waliokuwa wamejaa kwenye mawe, siku hizi nawatafuta. Ni rangi? Ni maji machafu ya viwandani? Ni macho yangu yamezeeka? Limi mwenyewe hajui, na ndiye msomi.

Mdogo wako Shija ananinunia. Eti nikiuingiza mtumbwi majini bila rangi yako nimekudharau mbele ya watu. Nimekudharau mimi, niliyekusongea ugali mpaka meno yakakuishia? Kopo liko chini ya kitanda changu, aje alichukue kama ni mwanaume.

Sijasema ulikosea. Sijui. Na wa kubishana naye ndiye wewe, umeshaondoka.

Pumzika, mume wangu. Kesho mtumbwi unaingia hivyo hivyo, mbao tupu. Majani yakiota chini yake tutauvuta nchi kavu, nami nitayakwangua mwenyewe, na mgongo wangu huu mbovu, mpaka Limi apate jibu.

Mkeo,
Mama Kabula