Mutungi wa Shu wa Papa Philémon, Kadutu

Mwaka mmoja umezunguka, Philémon, tangu utuachie jiko likiwa bado na joto. Kadutu nzima ilikusindikiza, hata wale uliowanyima pombe.

Ulikuwa mupishi wa Bwana Edouard, yule musungu aliyerudi kutoka vita ya Korea amekonda, akitamani kabichi iliyochachuka. Yeye alieleza, wewe ukajaribu: shu, ndiyo kabichi yetu, na chumvi, pilipili, kitunguu saumu, tangawizi, na ndagala kavu za Uvira mahali pa samaki wa kule. Vyote ndani ya mutungi, mutungi ndani ya udongo, vichachuke vyenyewe. Ulitwambia kitunguu saumu kinafukuza mafua, tangawizi inapasha kifua moto, na shu ya namna ile inaamsha tumbo lililolala. Uliapa pia kwamba Korea wazee wa miaka mia wanapanda milima wakikimbia. Tulikuacha uape, maana ulikuwa mutamu ukidanganya.

Halafu mama mukwe wako, Maman Eulalie, akapona homa lakini akakataa kula. Bugali alirudisha. Muchuzi wa kuku alirudisha. Nguo zilimupwaya, na muke wako Nsimire alikuwa akilia jikoni akidhani hatumuoni. Ndipo ukachimba shimo kwenye migomba, ukafukia mutungi wako na kuufunika majani.

Kwetu Bushi, mutu akifukia kitu kwenye migomba, ni ndizi za kasiksi, pombe yetu. Nani angewaza shu? Majirani walinyamaza kwa adabu, wakangoja pombe iive. Jumapili moja, misa ilipoisha, walifika na mirija mukononi, katekista mbele. Ulipofunua, harufu ilivuka ziwa, na tunasema kweli tupu, mbuzi wa kisiwa cha Idjwi walipiga chafya. Katekista alikumbuka ghafula kwamba ana mugonjwa wa kutembelea.

Maman Eulalie, aliyelazwa nyumba ya pili, alijikokota mpaka mulangoni kuuliza ni kitu gani kimekufa. Wewe, kama mukwe mwenye heshima, ulitazama chini, ukamupa Nsimire sahani amupelekee. Mama mukwe alionja apate kukutukana vizuri. Akaonja tena.

"Iko mubaya sana," alisema. "Nsimire, leta bugali. Hii kitu hailiki peke yake."

Alimaliza sahani. Ulizunguka nyuma ya nyumba, kaka yako Gaston akakukuta unapangusa macho. Ulisingizia pilipili.

Ulipenda kupika ukiimba vibaya, na kupakulia mugeni kabla hajasema kama ana njaa. Nyumba imekuwa na kimya ambacho hatukizoei.

Wanaokukumbuka: Maman Eulalie, tuliyekuwa tumemununulia sanda, na aliyeamuru aandikwe wa kwanza, muke wako Nsimire, watoto wako Colombe na Floribert, kaka yako Gaston, na Bwana Edouard.

Siku zote tutakukumbuka, Philémon, tena tukiwa tumeshiba.