Cheri za Njano za Mama

Jumatatu, 2 Desemba
Kazini mpaka saa kumi. Mvua ya mawe Marshalltown, katikati ya Johannesburg, kisha jua, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikapitia Fordsburg kwa Papa Kabeya, Mkongo muuza matunda; yaya kwao ni dada. Cheri nyekundu zimejaa. Za njano bado. "Ngojea kidogo, yaya, ya njano itakuya Alhamisi." Mwaka mzima nazingoja hizo za njano zenye shavu jekundu, naye ananiambia niongeze siku.

Nyumbani nikamkuta Mama sebuleni, kiti cha mlangoni, akicheza na mjukuu wake. Nilipika kuku. Hakugusa. Jioni akarudi kulala kwa Mama Furaha, mwenzetu wa kanisani, mtaa wa pili.

Jumanne, 3 Desemba
Wiki ya tatu hii tangu Mama aje. Kwetu Bungoma mama hali wala halali nyumbani kwa mkwe wake. Najua. Nimekulia humo. Lakini hapa ni Kensington, na mume wangu Wafula mwenyewe hajali. Mama akija, Wafula anajifungia chumbani asimpe taabu. Mama anakuja na chupa yake ya maji. Maji!

Jumapili anapanda ndege. Nataka ale kitu kimoja kwangu. Kimoja tu.

Alhamisi, 5 Desemba
Zimefika. Nilimpeleka Mama Fordsburg. Akaziangalia. "Hazijaiva hizi." Papa Kabeya akacheka, akamwekea moja kiganjani. "Onja, mama. Iko sukari."

Akaonja. Akafumba macho. Akaomba nyingine, mwanamke huyu asiyeomba kitu kwa mtu. Nikanunua boksi zima, moyo umenijaa. Ndani ya gari nikamfungulia. Akageukia dirisha.

"Hizo sasa ni za Wafula."

"Mama, nimenunua mimi. Kwa mshahara wangu."

"Na wewe ni wa nani?"

Nilipita roboti ya njia panda, taa ikiwa nyekundu. Nina hasira hata kuandika kunanishinda. Yeye ndiye aliyenikimbiza shule kwa fimbo ili nijitegemee. Leo mimi ni wa Wafula, na kila ninachoshika ni cha Wafula.

Ijumaa, 6 Desemba
Mama hakuja. Mama Furaha anasema ni magoti. Si magoti. Boksi liko kwenye friji. Sijala hata moja. Wafula kauliza kama anaweza kuonja, nikamkaripia bure. Maskini.

Jumamosi, 7 Desemba
Alikuja saa tisa. Hakuingia. Alisimama nje ya geti, akaniita kwa jina langu la utotoni. "Toa viti viwili. Na zile za njano."

Nikatoa. Tukakaa kando ya barabara kama wauza mahindi. Mlinzi wa mtaa akatushangaa. Mama akala. Alianza kwa adabu, akitemea kokwa kiganjani, kisha adabu ikamshinda. Jirani akapita na mbwa wake, akasalimiwa kwa kichwa tu, mdomo umejaa.

"Humo ndani ni kwa Wafula," akasema. "Hapa ni kwako. Nimekula kwa binti yangu."

Nililia mbele ya watu, maji ya cheri zangu yakinitiririka mpaka viwikoni. Akanipa leso yake, akaendelea kula.

Jumapili, 8 Desemba
Amekwenda. Wafula alibeba masanduku, akitembea nyuma yetu kwa mbali. Mama akamshukuru bila kumtazama. Nadhani wote wawili walifurahi.

Hatarudi. Safari ni ndefu kwake, alisema hivyo mwenyewe, na sikubishana.

Mtoto amelala. Wafula anatazama mpira, sauti ameipunguza. Zilibaki chache kwenye boksi. Nikampa zake, zangu nikazila nimesimama jikoni. Baridi, na tamu sana.