Jiko Moja Angani

Jumatatu, 4 Mfunguo Tano
Mahamri na mbaazi, kama kawaida. Nimepanda darini kuanua nguo, nikakuta Salma amefunga waya wake mwingine kwenye kamba yangu. Wa kusikilizia setilaiti. Nimemwambia ukichana leso yangu tutajuana. Amecheka. Mjukuu huyu ana kicheko cha marehemu mamake.

Setilaiti yenyewe ndogo, kama mkebe wa biskuti. Ndani mna programu za watu wengi, wa nchi mbalimbali, na moja ni yake. Inapiga picha za pwani, inatupa zenye mawingu, inaleta zilizo safi. Ameniahidi picha ya Mombasa. Kazi yake yote ameiacha wazi: kila mtu ruhusa kuisoma, kuichukua, kuirekebisha. Bure. Nimemuuliza kama ana homa.

Jumanne, 5
Leo programu ya Salma inapewa zamu. Hajakaa chini tangu alfajiri. Anataka niandike haya kwenye simu. Sitaki. Skuli sikuingia, herufi nilizofunzwa chuo cha Kurani zanitosha.

Nikikuna nazi nimefikiri. Programu nyingi, setilaiti moja, kila mmoja angoje mwenziwe. Hiyo ni nyumba yetu ya zamani ya Kibokoni. Familia sita, jiko moja, choo kimoja. Bi Shamsa wa chumba cha pili akipika pweza, siye twangoja. Kelele, matusi, vicheko. Sasa nina jiko la gesi peke yangu na chai yapoa sina wa kumgombeza. Nauchukia ukimya huu.

Jumatano, 6
Salma hajala. Programu yake iliingia zamu na haikutoka. Imewakwamisha wote. Setilaiti imezimwa ikawashwa, imekwama tena pale pale. Nimemwambia ni kama Mzee Fumo wa Kibokoni, alivyokuwa akiingia chooni na redio yake. Nilitaka acheke. Hakucheka.

Wenziwe wa nchi nyingine wanaulizana kwenye kompyuta ni ya nani iliyoharibu. Yeye anajua, hajasema. Anaogopa wataitoa kabisa, na jina lake lichafuke. Hata picha ya kwanza haijapigwa.

Alhamisi, 7
Nimemgombeza hasa. Kisha nimemhadithia.

Nilikuwa bi harusi mpya Kibokoni. Mafuta yakashika moto jikoni, moto ukala pazia. Niliona haya kupiga kelele, mgeni mimi. Nikafunga mlango nipambane peke yangu. Bi Shamsa aliuvunja kwa bega. Wakaja wote na mchanga na magunia yaliyolowa maji. Hakuna aliyeniuliza kitu mpaka moto umekufa. Ndipo wakanitukana hadi magharibi. Usiku wakanilisha.

Nimemwambia, fungua mlango, mwanangu. Watakutukana, kisha watakulisha.

"Na wasiponilisha, Bibi?"

"Nitakulisha mimi. Lakini sema."

Ameandika. Ametia jina lake kamili. Nimesimama nyuma yake mpaka amemaliza.

Ijumaa, 8
Matusi yamekuja kwanza. Mmoja alikuwa mkali, nimetaka nimjibu mwenyewe.

Baada ya sala ya adhuhuri akajibu mwanamke. Wa mbali, kwao kuna theluji, Salma hamjui. Ameisoma programu yote, kwa kuwa iko wazi, akaona palipo na kosa. Inaiomba kamera picha. Kamera isipojibu, yangoja tu. Ingengoja mpaka kiama. Mwanamke ameandika mistari michache ya kuiambia: ukingoja sana, toka, mpishe mwenzio. Hakutaka hata senti. Kesho wataituma mistari hiyo kwenye setilaiti.

Maana ya kuacha wazi nimeiona. Salma amelia, kisha amekula sahani mbili za pilau.

Jumapili, 10
Picha imefika. Salma ameniletea jikoni kwa mikono miwili, kama sinia. Kisiwa kidogo, maji pande zote. Sikujua kama twaishi padogo hivi.

Nimeuliza Kibokoni ni wapi. Ameweka kidole. Nyumba haionekani, amesema, ni ndogo mno. Nimemwambia haipo, walishaibomoa, wamejenga ghorofa. Bi Shamsa naye hayupo. Kidole chake hakikuondoka pale.

Nimemwambia amwandikie yule mwanamke wa theluji. Siku akifika Mombasa aingie tu, mlango siufungi.

Kisha nimeloweka mbaazi za kesho. Nimezidisha kidogo.