Mstari wa Watoto

Jumapili, 6 Februari 1955

Leo hapa Gachoka mwalimu wa kanisa ametangaza baada ya sala. Ati serikali imekubali: watoto waliofungwa Embu hawatalala tena na watu wazima. Watakuwa na kempu yao, shule ndani, na useremala. Niliinuka kwenye benchi kama mtu ameumwa na siafu! Njagi wangu atatoka kwa wale wanaume. Tangu homgadi, wale walinzi wa serikali, wamkute njiani na unga — unga wa shangazi yake, Mungu anajua, lakini wao wakasema ni wa wapiganaji wa msituni — analala chumba kimoja na wanaume waliopangwa kama magunia. Blanketi moja na mtu asiyemjua. Ana miaka kumi na tatu.

Nimemwambia baba yake. Rwamba akaendelea kuchonga mpini wa jembe.

Jumatano, 9 Februari

Chifu ametupa pasi ya kusafiri, mimi na Igoki, uso wake kama amelamba ndimu. Igoki pia ana mtoto huko, Kivuti. Tumetembea mpaka Embu, miguu imevimba, tumelala kwa watu wa kanisa.

Njiani Igoki akasema: Peninah, wakimfundisha Kivuti useremala, kazi ya kwanza ni kiti changu. Tangu niolewe nakalia gogo. Tulicheka mpaka askari wa barabarani akatuuliza kuna nini cha kucheka siku hizi.

Alhamisi, 10 Februari

Sina nguvu ya kuandika lakini nikinyamaza nitapasuka.

Karani anaitwa Gitari. Kijana wa mission, kalamu sikioni. Wamewatoa vijana wote uani. Nani huku kwetu ana karatasi ya kuzaliwa? Kwa hiyo Gitari anauliza kila mmoja swali moja tu: umetahiriwa? Bado — wewe mtoto, nenda kushoto. Ndiyo — wewe mtu mzima, rudi ndani.

Kivuti amekwenda kushoto. Kivuti! Ana ndevu. Baba yake alikufa, hakuna wa kumfanyia sherehe, basi hajatahiriwa bado. Njagi anamfikia kwapani. Njagi akasema ndiyo, kwa sauti kubwa, kifua mbele. Wakamrudisha kwa wanaume.

Nilimwendea Gitari. Nikamwambia, bwana karani, huyu alitahiriwa Agosti pamoja na mtoto wa baba yake mkubwa, kwa sababu asali ilitosha pombe ya sherehe moja tu. Zamu yake ilikuwa bado. Ni mtoto. Meno mengine yameota juzi.

Akasema: Mama, mimi ni Mmbeere kama wewe. Aliyetahiriwa ni mwanaume. Unataka nimwandike nini, nusu?

Askari wakacheka sana. Hao ndio wametumwa kutenga watoto na wakubwa!

Halafu akashusha sauti kidogo. Kuna daktari mzungu anakuja Jumatatu. Baba yake aje aseme mwenyewe.

Kurudi nyumbani Igoki alitembea mbele. Sikumlaumu. Nilimlaumu.

Ijumaa, 11 Februari

Rwamba amekataa.

Nilichinja mbuzi kwa ajili ya mwanaume, akasema. Sasa niende mbele ya mzungu niseme si mwanaume? Unataka nimrudishe tumboni mwako?

Nikamwambia mrudishe, nafasi ipo!

Akaweka bakuli chini. Hakunipiga. Alisema polepole tu: Usimwite mtoto mbele ya watu. Wale anaolala nao watamla.

Nikamwuliza, kwani sasa wanamfanya nini? Alitoka kwenda kutazama mizinga yake ya nyuki, na jua lile.

Jumapili, 13 Februari

Sikwenda kanisani. Igoki ameleta maziwa. Amesema pole. Nimepokea kibuyu. Hatukuangaliana.

Nimeomba pasi tena, nikapewa. Naondoka sasa, peke yangu.

Jumatatu, 14 Februari

Naandika nje ya seng'enge, karatasi juu ya goti.

Daktari amekuja. Mzee, mikono safi. Amemfungua Njagi mdomo kama mbuzi wa mnadani, akamwinua mkono, akatazama kwapa. Hakuuliza habari ya tohara. Akasema neno moja na Gitari akatafsiri: mtoto. Nikapiga magoti pale pale vumbini! Ahsante Yesu! Mgongo wa Njagi una upele, na alama nyingine si za upele. Daktari ameziona. Mimi pia nimeziona.

Wamempa kaptura ya watoto. Wamemwambia akaketi kwenye mstari karibu na lori. Pale wamekaa Kivuti na wenzake, wote hawajatahiriwa, chini, miguu wameinyoosha.

Njagi amefika hapo akasimama.

Wanaume wakaja kwenye waya. Mmoja akaita, Njagi, unakwenda kunyonya? Mwingine: Tulikula na wewe, kumbe ni kavici! Neno hilo kwetu ni la mvulana ambaye hajakatwa. Hata mbwa wa nyumbani haitwi hivyo mbele ya wageni.

Gitari akasema: Mwenye kuketi ndiye anakwenda. Mzungu amesema nisimpakie mtu kwa nguvu. Mama, mwambie mtoto wako aketi.

Mimi mama, nimwamuru mwanaume aliyetahiriwa, mbele ya wanaume. Haisemwi. Nikasema. Njagi, keti, mwanangu. Nikasema tena, kwa nguvu, mpaka wote wakasikia.

Waya yote ikacheka. Hata Kivuti aliinamisha kichwa.

Njagi akaniangalia. Akasema, polepole sana: Mama, nyamaza. Unanivua nguo.

Dereva wa lori amewasha injini. Njagi amesimama, kaptura imemzidi, ameishika kiunoni kwa mkono mmoja. Gitari ameanza upande ule wa mbali wa mstari. Anahesabu walioketi.