Mtani Wangu Nestori, Safari Hii Navuka Mimi

Mtani wangu Nestori,

Amahoro. Nimeanza na salamu ya kwenu Burundi ili ujue anayekuandikia ni mtu wa kimataifa. Darasa la sita niliacha mwenyewe, walimu walikuwa wameishiwa. Lakini Kampala nimefika, Lubumbashi nimefika, na Dubai nilikaa wiki nzima nikiulizia mashine za kusagia mawe ya dhahabu mpaka walinzi wa maduka wakawa wananisalimia kwa jina. Leo nina karasha langu la kusagia mawe hapa Masumbwe. Kwa hiyo kaa vizuri usome.

Naandika waziwazi, nakala moja isomwe redioni na nyingine ibandikwe pale kizuizini mpakani, kwa sababu simu yako haipatikani tangu risasi zisikike tena mpakani na gulio likafungwa. Kikao chetu cha Wasukuma na Warundi kilipaswa kukaa wiki ile ile. Hakikukaa. Huku wameanza kusema kimekufa. Mimi nawaambia kimelala tu, tena kinakoroma.

Unakumbuka kilivyozaliwa? Wezi wa ng'ombe walipita, wakabeba wa kwenu, wakabeba wa kwetu, na mpaka leo hakuna ajuaye walikuwa wa upande gani. Kila upande ukasema ni wale wa ng'ambo. Vijana wakaenda kulipiza. Mdogo wangu Masanja alirudi na jeraha la panga begani. Wewe ulimzika mtoto wa dada yako mkubwa. Hilo silifanyii utani hata leo.

Wazee wa sungusungu na wazee wenu wakakubaliana wakutane kwenye uwanja wa shule ya msingi karibu na mpaka, upande wetu. Kazi ya kutafuta ng'ombe wa kuchinja nikapewa mimi, kwa sababu nilijitapa kwamba nawajua ng'ombe kuliko mnada wenyewe. Mtani, mimi miaka yote hiyo nilikuwa shimoni natazama mawe! Nikafika mnadani, nikaona pembe ndefu, nikasema huyu ndiye. Nikamleta uwanjani na utepe mwekundu shingoni.

Wazee wetu wakashika vichwa. "We Baba Kulwa! Huyu mtamba, tena ana mimba! Msukuma gani anachinja mtamba mwenye mimba?"

"Nilidhani ameshiba," nikasema.

Walikuwa bado wanacheka uliposimama wewe katikati ya wenzako na kuita kwa sauti ndogo, "Bihogo." Yule mtamba akageuza shingo, akanivuta na kamba yangu, akaenda moja kwa moja kukulamba mkono.

Ng'ombe aliyeibwa zizini kwako amekuja kwenye kikao cha amani, na kamba nimeishika mimi! Nikaona vijana wenu wanainua fimbo, wa kwetu wanagusa pinde. Mdomo huu uliowashinda wauza mashine wa Dubai ukaanza kusali.

Ukanipima kuanzia viatu hadi kofia. "Wewe Msukuma, ulimnunua?"

"Mnadani, mbele za watu."

"Na ukamfunga utepe?"

"Nikamfunga."

Ukawageukia wenzako. "Jamani, mwizi gani anarudisha ng'ombe amempamba kama bibi harusi? Huyu si mwizi. Huyu ni mjinga tu, michembe imempanda kichwani."

Ulipoitukana michembe, viazi vyetu vya kukausha, hata sungusungu wakaangua kicheko. Nikakujibu palepale kwamba tumbo la Kirundi lililojaa maharage halina haki ya kusema mbele za watu. Pinde zikawekwa chini. Tukala ugali na dagaa, na hakuna aliyeulizia nyama.

Kisha mzee wetu mmoja akasema kwetu ukitaka undugu na mtu, unamkabidhi ng'ombe amfuge, na akizaa mnagawana. Mkasema kwenu iko hivyo hivyo. Bihogo akarudi kwako, ndama wake wa kwanza akaja kwangu, na atakayezaliwa na huyo atakwenda kwenu. Na habari za ng'ombe haziulizwi kwa barua, lazima mwenyewe ufike, umwone, umpapase. Wale wageni wa mashirika wenye vizibao walikuja na karatasi zao, wakatupiga picha, wakaondoka. Sisi tukaendelea kukutana. Mchungaji wa ndama ni Masanja, yule yule wa jeraha, na anamsemesha Kirundi kibovu mpaka ndama anaona aibu.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijawahi kulisema. Vikao vyote vimekaa upande wetu. Wewe ulivuka kila mara, kwa miguu, na mkungu wa ndizi begani. Mimi nikialikwa kwenu, mara karasha limeharibika, mara mguu unauma. Juzi Mama Kulwa akanibana: "Baba Kulwa, Dubai ulifika. Burundi hapo ng'ombe wanakwenda kwa miguu, wewe kinachokushinda ni nini?"

Namwogopa dada yako, Nestori. Watu wote naweza kuwachekesha. Mbele ya mama aliyezika mtoto wake, nitachekesha nini?

Na sasa wa kwenu wanaogopa kuvuka, na wana haki. Kikao hiki kikipitisha miezi mingine bila watu kuonana, vijana watarudi kwenye mapanga, na safari hii sijui nani atakuwa na moyo wa kucheka.

Wametutangazia gulio linafunguliwa Alhamisi. Basi navuka mimi. Kibali cha kuvukia ninacho mfukoni. Nakuja na Masanja na wazee wawili wa sungusungu, mikono mitupu. Kikao kikae nyumbani kwa dada yako, kama atatukubali. Usinipeleke kwanza kwa wakubwa wala kwenye pombe. Nipeleke kwake nimpe shikamoo, nikae chini.

Siku hiyo sianzi mimi kusema. Atasema yeye mpaka amalize, hata kama ni siku nzima. Najua huamini kwamba mdomo huu unafungika. Basi njoo kizuizini asubuhi, ushuhudie mwenyewe.

Wabeja sana, asante ya kwetu Usukumani, na uwasalimie wote.

Ni mimi mtani wako usiyemweza,
Baba Kulwa wa Masumbwe